Wati Nyingi, Usafi Haba: Kifyonza Vumbi cha Boti na Tabia Yetu ya Kununua kwa Macho

Ukitaka kujua taasisi ya umma inavyofikiri, usihangaike na hotuba za mkuu wake wala mpango mkakati wake wa miaka mitano. Omba uoneshwe karatasi iliyotumika kununulia kitu kidogo: kufuli, pazia, ndoo, feni ya mezani. Katika ununuzi mkubwa wapo washauri waelekezi, wapo wafadhili, wapo wakaguzi, na kila mtu hujipanga. Katika ununuzi mdogo taasisi hujisahau, na hapo sura yake halisi huonekana.

Leo nimechagua kitu kidogo kweli: mashine ndogo ya kufyonza vumbi kwa ajili ya boti. Najua wapo watakaouliza mhadhiri mzima amekosa nini cha kuandika. Naomba wanivumilie. Hoja yangu ni kwamba kifyonza vumbi cha boti hakiwezi kuchaguliwa na mtu aliyekaa ofisini akisoma namba iliyochapwa ubavuni mwa boksi. Tabia ya kuchagua hivyo, ambayo tumeigeuza kuwa utaratibu, inatugharimu fedha, inaharibu vyombo vyetu, na inamdharau mtu anayefanya kazi kwa mikono yake.

Miaka michache iliyopita nililetewa rasimu ya maelezo ya kiufundi ya vifaa vya boti moja ndogo ya utafiti, niisome kama mjumbe wa nje. Sitaitaja taasisi yenyewe, kwa kuwa ugonjwa ninaouzungumzia si wake peke yake. Boti hiyo ni ya faiba, urefu wake yapata mita 8, ina injini ya petroli inayofungwa nyuma, na ina kijumba kidogo cha kuhifadhia vifaa na kujikinga na mvua. Umeme wake wa huduma unatoka kwenye betri moja ya risasi na asidi ya volti 12 na ampea-saa 100. Ina inveta ya wati 300, iliyowekwa kwa ajili ya kompyuta za watafiti. Katika rasimu hiyo, mstari wa kifyonza vumbi ulisomeka hivi: mashine ya kisasa, nguvu isiyopungua wati 1,800, tangi lisilopungua lita 20.

Niliandika ukurasa mmoja wa maoni. Jibu nililopewa kwa simu lilikuwa fupi: “Dokta, hayo ni mambo madogo, tusicheleweshe mchakato.” Mashine ikanunuliwa. Haijawahi kufanya kazi botini hata siku moja. Hivi sasa inasafisha zulia la ofisi ya mkubwa mmoja, na katika daftari la mali bado imeandikwa kuwa ni kifaa cha boti.

Tufanye hesabu ambayo mwanafunzi wa sekondari anaiweza. Nguvu ya umeme ni volti mara ampea. Mashine ya wati 1,800 nyumbani, kwenye umeme wa volti 230, huvuta ampea zisizofika 8, na nyaya za nyumba huzimudu bila shida. Botini umeme ni wa volti 12. Wati 1,800 zikigawanywa kwa 12 ni ampea 150. Inveta nayo hupoteza sehemu ya umeme njiani kama joto. Tukiipa ufanisi wa asilimia 90, betri italazimika kutoa ampea zipatazo 167. Ukisafisha kwa robo saa tu, umekwisha kula karibu ampea-saa 42. Betri ya risasi na asidi haipendi kuteremshwa chini ya nusu ya ujazo wake, kwa hiyo katika zile 100 zilizoandikwa, za kutumia kwa usalama ni kama 50. Na hata hizo 50 hupungua betri inapokamuliwa kwa kasi kubwa kiasi hicho. Yaani robo saa ya kufyonza vumbi ingeiacha boti haina umeme wa kutosha kwa redio, taa za safari na pampu ya kutoa maji. Lakini hata huko tusingefika, kwa sababu inveta ya wati 300 haiwezi kabisa kuiwasha mota ya wati 1,800.

Sasa chukua mashine ndogo iliyotengenezwa kwa ajili ya volti 12, yenye wati 120. Hiyo huvuta ampea 10. Robo saa yake inakula ampea-saa 2.5. Tofauti ya 42 na 2.5 haihitaji shahada ya uzamivu. Inahitaji mtu aliyeuliza swali moja kabla ya kuandika: umeme wa boti hii unatoka wapi, na ni kiasi gani?

Hata hiyo mashine ndogo ina masharti yake. Soketi za volti 12 zinazofanana na zile za kuwashia sigara garini mara nyingi hulindwa na fyuzi ya ampea 10 au 15, kwa hiyo zina kikomo. Waya nao una kikomo. Ukivuta ampea 10 kupitia waya mwembamba wa milimita 1.5 za mraba, kutoka betri iliyo umbali wa mita 5, unapoteza zaidi ya volti moja katika kwenda na kurudi. Mota iliyoahidiwa volti 12 inapata chini ya 11, inazunguka kivivu, na fundi analaumiwa kwa kosa la mtu aliyeandika karatasi bila kupima waya.

Watetezi wa wati nyingi wana jibu moja, na nimelisikia mara nyingi: wati nyingi maana yake ni mashine yenye nguvu, na mashine yenye nguvu husafisha vizuri. Hapa ndipo penye udanganyifu wenyewe. Wati zilizoandikwa kwenye boksi ni kiasi cha umeme ambacho mashine inakula. Kazi inayofanya ni jambo jingine. Mtu anayekula sahani tatu za ubwabwa si lazima awe ndiye anayelima shamba kubwa.

Wazungu waliotuuzia imani hii wamekwisha kuachana nayo. Kuanzia tarehe 1 Septemba 2014 Umoja wa Ulaya ulizuia kuingizwa sokoni kwa vifyonza vumbi vipya vya nyumbani vyenye wati 1,600 au zaidi. Magazeti ya Uingereza yalipiga kelele, na wapo wanunuzi waliokimbilia madukani kujiwekea mashine kubwa kabla ya marufuku. Tarehe 1 Septemba 2017 kikomo kikashushwa hadi wati 900. Kanuni hizo hazikuhusu mashine za betri wala zile zinazofyonza maji na vumbi, lakini fundisho lake linahusu kila mnunuzi: pamoja na kuweka kikomo cha umeme, ziliweka pia kiwango cha chini cha vumbi ambalo mashine inapaswa kuliokota. Wahandisi wakalazimika kubuni feni, mirija na vichwa bora zaidi badala ya kuongeza ukubwa wa mota. Sisi huku, mwaka 2014 ukiwa umetupita zamani, bado tunaandika “isiyopungua wati 1,800” kana kwamba ulaji ni sifa.

Namba nyingine zinazopamba maboksi nazo zina hila zake. Mashine za mkononi siku hizi huuzwa kwa kilopaskali, kipimo cha nguvu ya mvuto. Mvuto wa juu kabisa hupimwa mdomo wa mashine ukiwa umezibwa, hewa haipiti. Kiasi kikubwa kabisa cha hewa nacho hupimwa mdomo ukiwa wazi, hakuna kinachozuia. Hali hizo mbili haziwezi kutokea kwa wakati mmoja, na katika zote mbili hakuna takataka inayookotwa. Kazi halisi hufanyika katikati, pale mvuto na mkondo wa hewa vinapokutana. Muuzaji anayekutajia namba moja tu amekuonesha jicho moja la kipofu.

Hata vyombo vya dola vilivyo makini hujikwaa hapo. Lebo ya nishati ya vifyonza vumbi iliyoanza kutumika Ulaya mwaka 2014 ilibatilishwa na mahakama ya Umoja wa Ulaya huko Luxembourg mwezi Novemba 2018, katika kesi iliyofunguliwa na kampuni ya Dyson. Sababu yake inafaa kusomwa katika kila darasa la ununuzi: majaribio yalifanywa mashine ikiwa tupu, chombo chake cha vumbi hakina kitu. Mahakama iliona kwamba kipimo kinapaswa kukaribia hali ya matumizi halisi. Huko, kampuni ilikwenda mahakamani kwa sababu kifaa kilipimwa kikiwa hakina vumbi. Kwetu hapa, kifaa cha boti kinachaguliwa na watu ambao hawajaiona boti, na hakuna anayeona ajabu.

Baada ya lile jibu la simu nilikwenda mwenyewe bandarini. Nilimwamkia baharia anayeitunza boti hiyo, mzee wa makamo mwenye miaka mingi baharini, nikamwuliza uchafu wake ni upi. Akanijibu: “Mwalimu, vumbi lenu la mjini huku si tatizo. Shida yetu ni mchanga, magamba, na nyuzi za kamba. Vikishuka ngama, pampu inakabwa.”

Kwa wasiojua, ngama ni sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, mahali maji yanapokusanyika. Katika boti za siku hizi hukaa humo pampu ndogo ya umeme, na mara nyingi boya dogo la swichi linaloiwasha maji yakipanda. Mchanga na nyuzi vikiziba chujio la pampu, au vikilikwamisha lile boya, pampu haitoi maji hata kama ni mpya. Chombo kimefungwa gatini usiku, mvua inanyesha, na asubuhi kimekaa chini ya maji pamoja na injini yake. Hapo ndipo unapoelewa kwamba kusafisha boti si urembo. Ni sehemu ya usalama wa chombo.

Yule mzee alinionesha anavyosafisha: analala kifudifudi, anaingiza mkono katika uwazi usiozidi upana wa kitabu, na anachota tope kwa kidumu kilichokatwa. Tangi la lita 20 lisingepita hata mlangoni mwa kile kijumba. Mtu aliyeandika “lisilopungua lita 20” alikuwa anafikiria ukumbi wa mikutano.

Yapo pia mambo mawili ambayo katika boti ni ya kufa na kupona, na rasimu ile haikuyataja. La kwanza ni petroli. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, mara tatu hadi nne, kwa hiyo huteremka na kutuama chini, humo humo ngamani. Mota za kawaida za vifyonza vumbi zina brashi za kaboni zinazotoa cheche zinapozunguka. Kufyonza maji ya ngama yenye petroli kwa mashine ya namna hiyo ni kuchanganya mvuke na cheche ndani ya boksi moja. Kanuni ni moja: ukinusa petroli, mashine haiwashwi. Chombo hupunguliwa hewa kwanza, petroli hufutwa kwa matambara, na chanzo cha uvujaji hutafutwa. Hili lilipaswa kuandikwa katika karatasi ya ununuzi na kubandikwa ukutani mwa kijumba.

La pili ni chumvi. Maji ya bahari yakikauka huacha chumvi inayovuta unyevu, na unyevu huo hula shaba na chuma. Mashine ya sebuleni inayofyonza vumbi kavu tu haitamaliza msimu. Inatakiwa mashine inayomudu maji na vumbi, ambayo chujio lake linaoshwa kwa maji baridi na kukaushwa kivulini, na ambayo chombo chake kinafunguka kwa mkono bila bisibisi.

Basi ningechagua nini? Kwa boti kama ile ningechagua mashine ndogo ya mkononi inayofyonza maji na vumbi, ya betri ya lithiamu ya volti 18, na ningeichagua itumie betri ile ile ya drili ambayo tayari imo katika sanduku la mafundi. Betri ya volti 18 na ampea-saa 2.5 ina nishati ya wati-saa 45. Ukiichaji kutoka betri ya boti, hata ukihesabu upotevu, haili zaidi ya ampea-saa 5 hivi. Ningehitaji mdomo mwembamba na mrija unaopinda, ili mkono wa yule mzee upumzike. Ningehitaji chaja ya volti 12, au chaja ambayo inveta ya wati 300 inaimudu. Ningehitaji machujio mawili ya akiba yanayopatikana Kariakoo au Mombasa, si kwa kuagizwa kutoka nchi ambayo hakuna anayeijua. Na ningeandika kwamba betri haiachwi ikichajiwa ndani ya kijumba kilichofungwa juani.

Kwa chombo kingine jibu lingekuwa jingine. Mashua ya mbao isiyo na sitaha wala umeme haihitaji mashine yoyote. Ufagio, brashi na kata ya kufulia maji vinatosha, na mwenye kuiuzia mashine ni mlaghai. Boti kubwa yenye jenereta au inayolala gatini penye umeme wa volti 230 inaweza kubeba mashine ya wati 800 bila taabu. Sipigi vita umeme, wala simtukuzi mtu wa ufagio kwa kuwa ufagio ni wa asili yetu. Kufagia vumbi la faiba na ukungu ndani ya kijumba kisichopitisha hewa ni kuvirusha vitu hivyo kwenye mapafu ya anayefagia. Ninachokataa ni kuamua kabla ya kutazama.

Wapo watakaoniambia kwamba nchi ina mambo makubwa: deni, ajira, bei ya mafuta. Ni kweli. Lakini maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Kwa baharia anayelipwa kwa siku, kulala kifudifudi kila asubuhi akichota tope ndiyo siasa ya nchi ilivyomfikia. Tena mkono ulioandika “wati 1,800” ndio utakaoandika maelezo ya mashine za hospitali, pampu za visima na mitambo ya mabwawa. Mtu hawi mwangalifu ghafla kwa sababu fedha zimeongezeka sifuri.

Wengine watasema tunayo sheria mpya. Tunayo. Sheria ya Ununuzi wa Umma Namba 10 ya mwaka 2023 inasisitiza thamani halisi ya fedha, na zabuni sasa zinapita katika mfumo wa kielektroniki wa NeST. Nauunga mkono mfumo huo, kwa kuwa umepunguza bahasha na safari za ofisini. Lakini kompyuta haina macho ya kuiona ngama. Itapokea “wati zisizopungua 1,800” kwa unyenyekevu ule ule ambao ingepokea “ampea zisizozidi 10”. Zabuni inaweza kuwa ya wazi na ya ushindani, ikashindaniwa kihalali, na mshindi akaleta kwa bei nafuu kabisa kitu kisichofaa.

Kwa nini hali hii inaendelea? Sehemu yake ni uvivu. Sehemu nyingine ina wanufaika wake: kuvuja kwa pakacha nafuu kwa mchukuzi. Mashine kubwa ina bei kubwa, na bei kubwa ina kona nyingi za kujificha. Lakini sehemu iliyo nzito zaidi, kwa maoni yangu, ni tabaka. Tumejenga utumishi ambao mwenye cheti cha juu haulizi mwenye kazi, kwa sababu kuuliza kunaonekana kuwa ni kujishusha. Taratibu zetu za ununuzi zinaitambua idara itakayotumia kifaa, lakini katika utekelezaji “idara” huishia kwa mkuu wa idara, ambaye hajawahi kushika ufagio wa boti hiyo. Baharia ndiye mtumiaji, na jina lake halimo katika karatasi hata moja, isipokuwa ile ya kupokea posho.

Kwa wanafunzi wangu wa uhandisi na wa utawala: chukueni kifaa kimoja tu kilicholala stoo katika taasisi iliyo jirani nanyi, mfuatilie maelezo yake ya kiufundi kutoka mwanzo, mwoneshe hesabu ilipokosekana. Hiyo ni tasnifu yenye faida kuliko nyingi ninazosimamia. Kwa wanaharakati: msingoje mabilioni ndipo msome zabuni. Someni zabuni za ndoo na feni. Kwa watumishi wa umma, ambao wengi wenu mnanisoma kimyakimya, ninalo ombi lisilohitaji bajeti wala waraka mpya. Katika kila fomu ya mahitaji ya kifaa ongezeni mistari mitatu: kitafanya kazi wapi na kwa umeme gani, nani ataishika kazi hiyo kila siku, na mtu huyo amesema nini. Kisha mwacheni aweke sahihi yake, au dole gumba lake, kabla Afisa Masuuli hajaweka yake.